Amenikatalia amoksilini kwa kukosa cheti, duka la pili wakaniuzia: mfamasia kazi yake nini?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka mitatu alikuwa na mafua na kikohozi, usiku anachemka kidogo. Nikaenda famasi kubwa hapa Morogoro kuomba amoksilini ya maji, ileile aliyopewa mwaka jana. Mfamasia akaniuliza cheti cha daktari, sina. Akasema "haiuzwi bila cheti", akamgeukia mteja mwingine. Nikavuka barabara, duka la pili wakaniuzia kwa shilingi 4,000 bila neno. Nimempa siku mbili, homa imekwisha, makamasi yamepungua, nikaacha. Chupa imebaki nusu, iko kwenye friji. Naomba kujua: yule wa kwanza ana haki gani ya kunizungusha wakati pesa ninayo? Na kama boksi lina maelezo ya kutumia dawa, mfamasia ana kazi gani hasa? Chupa nayo niitunze kwa siku nyingine? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Dada yangu, nianze kwa kukurudishia cheo ambacho si changu. Huku Tanga pia kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya dirisha la dawa huitwa dokta, awe mfamasia, mteknolojia dawa, au mpwa wa mwenye duka aliyeshika nafasi wakati mwenyewe amekwenda kuswali. Mimi ni mfamasia. Nimesoma miaka 4 ya shahada na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na sehemu kubwa ya masomo hayo ilihusu yale yanayoipata dawa ikishaingia mwilini. Kuuza nilikuja kujifunzia dukani.

Yule wa kwanza alifanya kazi yake nusu. Wa pili hakuifanya kabisa. Nusu iliyofanyika nitaitetea. Ile iliyoachwa siitetei, na nitakwambia kwa nini.

Lakini mtoto kwanza. Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Amoksilini inaua bakteria kwa kuwaharibia ukuta wanaojijengea, na virusi hawana ukuta huo. Ni sawa na kumwita fundi abomoe nyumba, akafika akakuta kiwanja kitupu. "Mbona alipona?" Alipona kwa sababu mafua hupona. Homa yake mara nyingi hushuka ndani ya siku mbili tatu, pua hutulia baada ya wiki hivi, na kikohozi huweza kuvuta hata wiki mbili au tatu bila kuwa na jambo baya nyuma yake. Wazazi wengi huja dirishani siku ya pili au ya tatu, ugonjwa ukiwa kileleni na subira imeisha. Amoksilini yako ilidandia daladala likiwa tayari linaingia kituoni, kisha ikadai ndiyo iliyoliendesha. Mwaka jana huenda ilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana mwaka huu uliitaja kwa jina.

Makamasi kugeuka ya kijani nako si ushahidi wa bakteria. Hiyo ni rangi ya chembe zako mwenyewe za kinga zilizokufa vitani. Nalisema hili kila siku, na kila siku kuna anayenitazama kana kwamba nimebana dawa makusudi.

Kuna mambo ambayo ukiyaona hupaswi kuja kwangu wala kuvuka barabara. Nenda kituo cha afya, hata kama ni saa nane usiku. Mvulie mtoto shati akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, anapumua haraka mno. Kwa wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kipimo ni 50. Angalia sehemu ya chini ya kifua: ikiwa inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usisubiri. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa mlegevu na hashtuki vizuri. Hiyo huweza kuwa nimonia au kitu kikubwa zaidi. Kwenye nimonia ya bakteria ndipo amoksilini inapoijua kazi yake, lakini kwa kipimo anachokipanga aliyemwona mtoto. Halafu upo Morogoro: homa yoyote ya mtoto inastahili kipimo cha malaria kabla hujafikiria dawa.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, huduma yake ni ya kawaida tu: anywe sana, pua isafishwe kwa maji ya chumvi, na asali kijiko kidogo kwa kikohozi kwa kuwa ameshavuka mwaka mmoja (aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa). Homa ikimsumbua, parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Hapo kwenye uzito ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Chupa nyingi za parasetamoli ya watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kuna mama alinijia na mtoto wa kilo 10 aliyekuwa anatapika tangu jana yake. Nikamuuliza alimpa nini. "Panadol ya maji, kijiko kimoja mara nne, kama kwenye boksi." Nikamwomba anionyeshe kijiko. Alikuwa nacho kwenye mkoba: kijiko cha chakula. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni takriban 15. Mtoto aliyepaswa kupata miligramu 100 hadi 150 alikuwa anapata 360 kila mara, mara nne kwa siku. Boksi lilisema kweli na mama alilisoma vizuri, ila hakuna aliyemuuliza ni kijiko kipi. Tuliwapeleka hospitali jioni ile, kwa sababu parasetamoli iliyozidi hudhuru ini kimyakimya kabla mtu hajaonekana mgonjwa. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo sitoi dawa ya maji ya mtoto bila kumwonyesha mzazi kwa bomba la sindano lisilo na sindano mahali pa kuishia kuvuta.

Kwa hiyo uliponiuliza kazi yangu, jibu langu ni kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho kuitazama dawa kabla haijaingia mdomoni. Daktari aliandika akiwa na foleni ya watu 60. Mtengenezaji aliandika boksi akimfikiria mgonjwa asiye na jina. Mimi ninaye mtu mwenyewe mbele yangu, na dakika mbili.

Katika dakika hizo nauliza mambo ambayo wengine huyaona ni umbea. Una mimba? Una vidonda vya tumbo? Unatumia dawa nyingine yoyote, hata ya kienyeji, hata ile usiyopenda kuitaja? Swali hili la mwisho naliuliza kwa sauti ya chini, pembeni. Mtu anayemeza vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI vyenye dolutegraviri, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi nchini sasa, akija kununua vidonge vya kutafuna vya kiungulia na akavimeza pamoja na dawa yake, kiungulia kitapoa lakini dawa yake haitafyonzwa ipasavyo. Magnesi na aluminiamu iliyomo huishika. Ameze dolutegraviri saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia au saa 6 baada yake. Hakuna boksi litakalomwambia hivyo kwa Kiswahili, na hakuna daktari aliyekuwepo aliponunua. Mwanamke aliye kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini naye anaweza kushika mimba huku anameza vidonge vya majira kila siku bila kukosa, kwa kuwa rifampisini hulifanya ini livunjevunje homoni zile mapema. Mzee mwenye presha anayenunua diklofenaki ya mgongo kila wiki hajui kwamba dawa hiyo huweza kumpandishia presha anayoilalamikia, na kumuumiza figo juu yake.

Tena kuna hesabu ya bahasha. Unaijua ile "1x3". Tunasema kidonge kimoja kutwa mara tatu, na mteja anasikia asubuhi, mchana, jioni: saa moja, saa saba, saa moja. Kutoka hapo hadi kesho asubuhi ni saa 12 bila dawa. Kwa parasetamoli si neno. Kwa antibayotiki (dawa ya kuua bakteria, kama amoksilini) inayopaswa kumezwa kila baada ya saa 8, umewapa bakteria usiku mzima wa kupumzika. Dawa ya mseto ya malaria ndiyo inayoonewa zaidi: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha kila saa 12 mpaka zitimie dozi sita kwa siku tatu, na imezwe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila mafuta lumefantrini iliyomo haifyonzwi vizuri. Watu wengi huimeza bila chakula, na kesho yake wakijisikia nafuu vidonge vilivyobaki vinaingia kabatini kumsubiri jirani.

Kuna mkutano ulifanyika Nairobi, Novemba 1985. Shirika la Afya Duniani liliwakusanya wataalamu wajadili maana ya matumizi sahihi ya dawa, na fasili yao ndiyo tunayofundishwa hadi leo: mgonjwa apate dawa inayoendana na hali yake, kwa kipimo kinachomfaa yeye, kwa muda wa kutosha, na kwa gharama ndogo kabisa kwake na kwa jamii yake. Naipenda kwa sababu imetoka hapa kwetu jirani, na kwa sababu haimtaji daktari wala mfamasia, inamtaja mgonjwa. Ipime safari yako ya Morogoro kwa fasili hiyo. Dawa haikuendana na hali, kipimo hakikupimwa kwa mtoto, muda ukaukata mwenyewe, na shilingi 4,000 zikaenda. Ukimwona mfamasia kama mtu anayekuzuia kununua, jua kwamba sharti la nne linamtaka akuzuie kupoteza pesa.

Nije kwenye haki yake ya kukataa. Kisheria antibayotiki ni dawa za cheti. Si ukali wa mtu mmoja. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wasibaki na maduka ya dawa baridi peke yake, yameruhusiwa kuwa na orodha fupi ya dawa za cheti, na watoa dawa wake hupewa mafunzo kwa ajili hiyo. Ruhusa hiyo si ya kumpa yeyote chochote anachokitaja kwa jina.

Sababu ya sheria si kulinda biashara ya madaktari, ingawa nimeshaambiwa hivyo. Watu husema "mwili wangu umeizoea hiyo dawa". Mwili hauzoei. Wanaozoea ni wadudu. Kila antibayotiki unayomeza hupita kwa mamilioni ya bakteria wasio na hatia, tumboni, kooni, kwenye ngozi. Walio dhaifu wanakufa, wachache wenye ujanja wa kuishi nayo wanabaki peke yao na nafasi tele ya kuzaana, na ujanja huo huweza kupitishwa kutoka aina moja ya bakteria hadi nyingine. Kisha mwanao anaukohoa, anauchezea na wenzake. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alionya juu ya jambo hili kwenye hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945: itafika siku mtu ataweza kuinunua dukani mwenyewe, atumie kidogo mno, awafundishe vijidudu kuistahimili. Mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kuwa usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Kama hayo yako mbali, kumbuka klorokwini, dawa yetu ya malaria ya zamani. Aliyezidi miaka 35 kati yetu anakumbuka muwasho wake, unajikuna mwili mzima huku hakuna kipele. Muwasho haukuwa sababu ya kuachana nayo. Iliacha kuponya. Mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP, dawa nyingine ya malaria, na haikuchukua miaka mingi: mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Sasa Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera watafiti wameshakuta vimelea vya malaria vyenye dalili za usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, nguzo ya huo mseto. Malaria si bakteria, lakini kanuni ni ileile, na kabati la dawa za kuhamia si refu kama watu wanavyodhani.

Haya. Sasa nimgeukie mwenzangu wa Morogoro. "Haiuzwi bila cheti" ni sentensi ya askari wa getini. Alipaswa kukuuliza mtoto ana siku ngapi, anapumuaje, anakunywa. Dakika mbili. Ungetoka na parasetamoli yenye kipimo sahihi, na namba 40 kichwani, na huenda usingevuka barabara. Mfamasia anayekataa bila kueleza anampeleka mteja kwa asiyekataa.

Nasema hivyo nikijua shinikizo lilivyo, kwa sababu limenishinda mimi pia. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi kwa mtu aliyekuwa anahesabu mauzo kila jioni mbele yetu, na aliyeuza kidogo alijulikana. Alikuja mzee mmoja mvuvi, kidonda cha mguu, akataka kapsuli sita za ampiclox, antibayotiki. Si dozi ya chochote. Nikampa. Akarudi baada ya wiki, nikampa tena sita. Mara ya tatu pia. Mara ya nne alikuja mwanawe kuuliza bei ya insulini. Kidonda kilikuwa cha kisukari muda wote huo, na swali moja tu, kama anaamka usiku mara nyingi kukojoa na kiu haikatiki, lingetosha kumpeleka kupimwa sukari mwezi mmoja kabla. Nilikuwa na shahada ukutani na sikuuliza. Kwa hiyo ninaposema duka la pili lilikukosea, sisemi kama mtu aliyesimama pembeni.

Wewe nawe unaweza kunitumia vizuri zaidi. Ukija, usiniambie jina la dawa, niambie mtu anaumwa nini na tangu lini. Njoo na vidonge vyote anavyotumia, vitie hata kwenye mfuko wa rambo. Mlete mtoto, au uje na kadi yake ya kliniki yenye uzito. Kabla hujaondoka, niambie kwa maneno yako utakavyompa. Ukikosea, mwenye kosa ni mimi niliyeeleza. Uliza kama kuna ya bei nafuu yenye kiambata kilekile, maana jina la kampuni mara nyingi ndilo ghali na wengi hatulisemi mpaka tuulizwe. Na usiogope kuniuliza mimi ni nani. Duka lililosajiliwa huwa na kibali ukutani, na ukitaka kuonana na mfamasia mwenyewe, una haki ya kumwulizia. Dawa ikikuletea vipele, uvimbe wa uso au jambo usilolielewa, rudi uniambie, kwa sababu kuna fomu ya njano tunayoijaza kwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa fomu kama hizo ndipo nchi hujua dawa fulani ina kasoro. Ukinyamaza, wa kesho naye atauziwa hiyohiyo.

Tena cheti chenyewe si Msahafu. Nimewahi kumpigia simu daktari kwa sababu ameandika doksisaiklini kwa mtoto wa miaka minne mwenye kikohozi tu, dawa ambayo huweza kumtia meno madoa ya kudumu. Alinishukuru. Wapo ambao hawakunishukuru. Mtoto wa kuhara naye huletwa na cheti cha Flagyl, antibayotiki nyingine, wakati anachohitaji zaidi, mara nyingi, ni ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Mzazi akiona nimempigia daktari simu huanza kukunja uso, anaona nachelewesha.

Imebaki chupa yako. Amoksilini ya maji ikishachanganywa inaanza kuharibika. Kutegemea mtengenezaji, huishi siku 7 hadi 14 hata ikiwa kwenye friji, kwa hiyo chupa ya kutunziwa ugonjwa ujao itakuwa imekufa kabla ugonjwa haujaja. Usimpe mdogo wake wala mtoto wa jirani. Na usiirudie leo kwa sababu umesoma mahali kwamba dozi lazima imalizwe: dozi humalizwa pale ilipoanzishwa kwa sababu, na aliyeianzisha ndiye wa kuulizwa. Hii haikuwa na sababu tunayoijua, na mtoto amepona, mwache. Ila akipata vipele, kuhara kusikokoma au homa ikirudi, mpeleke kituoni na utaje kwamba alipewa amoksilini siku mbili, kwa tarehe.

Usiimwage kwenye sinki. Irudishe famasi ile ya kwanza, uwaombe waiteketeze pamoja na zao zilizoisha muda. Ukimkuta yule mfamasia, mwambie pia alivyokujibu siku ile na wapi ulikwenda baada ya hapo. Sisi nyuma ya dirisha huwa hatuoni mteja anapovuka barabara.